Kengele Yangu Mikononi mwa Chakavu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimedhulumiwa. Naandika kwa wino mweusi, ule wa mambo makubwa.

Jana baada ya ibada Mchungaji aliniita pembeni, karibu na ngazi za mnara, akanishika bega. Mchungaji akikushika bega, ujue unakaribia kunyang'anywa kitu. Akauliza goti langu linaendeleaje. Nikasema ni zima kabisa. Akasema ameniona nikishuka ngazi kinyumenyume, kama mtu anayetoka darini. Nikasema ndivyo ninavyopenda kushuka. Akatabasamu. Kijana mdogo, angeweza kuwa kitindamimba wangu, lakini ana tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua. Akasema wazee wa kanisa wamekaa, wamesali, wameona nipatiwe msaidizi wa kupiga kengele.

Msaidizi!

Nikauliza nani. Akasema, Chakavu.

Chakavu! Yule muuza vyuma chakavu mwenye uwanja wa mabati ng'ambo ya kanisa. Kabatizwa Pasaka. Pasaka hii hii! Maji ya ubatizo hayajamkauka kisogoni. Kabla ya hapo alikuwa mlevi, hakuna mfereji wa mtaa huu ambao hakuwahi kulala ndani yake. Jumapili asubuhi alikuwa akijinyoosha kwenye nyasi chini ya mnara wangu, fofofo, na nikianza kupiga kengele ananitukana na kunirushia viatu. Kimoja kiliwahi kuingia dirishani. Nilikifanya kizuizi cha mlango.

Na mimi? Mimi ni fundi saa. Nimepiga kengele ile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mvua, homa, misiba ya nyumbani, sikuchelewa hata dakika. Mtaa mzima ulikuwa ukirekebisha saa zake kwa mkono wangu. Sasa kila mtu ana simu mfukoni, dukani kwangu hawaji ila wajane wenye saa za marehemu, lakini Jumapili bado ni mimi ninayesema ni saa ngapi. Nikinyamaza mimi, Jumapili haijaanza.

Mke wangu anasema ni jambo jema, nipumzishe goti. Nimemwambia haelewi mambo ya mnara. Amesema anaelewa mambo ya goti, maana ndiye anayelikanda kila jioni huku nikilia kama mtoto.

Silii. Navuta pumzi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Si kulalamika. Kumwonya tu, kwa upendo. Nimemuuliza kama wamefikiri vizuri kabla ya kumpa muuza vyuma ufunguo wa chumba chenye kengele ya shaba. Nimemwomba aitafakari sentensi hiyo taratibu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Chakavu mwenyewe alishawaambia hilo. Eti alipopandishwa mnarani mara ya kwanza aliitazama kengele, akaipima kwa jicho, akasema, wazee wangu, mngenileta hapa mwaka jana leo hii mngekuwa mnapiga sufuria. Wakacheka wote, wakamwombea. Ndivyo kanisa linavyoendeshwa siku hizi.

Nikasema basi, tuzungumzie miaka. Ni haki kweli, mtu aliyeingia juzi apewe kamba sawa na aliyeishika tangu ujana? Mwenyekiti akaniuliza kama kamba imepungua urefu. Sikumwelewa. Umri unamwingia kichwani.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani kutwa. Mteja mmoja, alikuja kuuliza njia.

Nimefikiri sana. Nimekuwa nikifikiri huku nikisafisha saa ya ukutani, na kazi hiyo hunoa akili. Sitapigana na Chakavu. Nitamfundisha. Nitamfundisha kwa moyo mkunjufu, mbele ya mashahidi. Na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, ataomba kuondolewa.

Nimejisikia vizuri hata nikampa mke wangu kiti changu cha karibu na dirisha. Ameniuliza nimefanya nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Chakavu amekuja kusoma. Shati safi, nywele zimechanwa kwa maji. Alisimama mlangoni mwa duka kama mtu aliyekuja kuposa. Akaniamkia, Shikamoo mzee wangu, nimekuja na mikono miwili na akili nusu, ukinivumilia nitakushukuru. Ana sauti nzito inayotikisa vioo vya saa. Nilimkaribisha kwa chai. Nilikuwa mwema mno, laiti ningejiona kwa nje!

Niandike hapa jinsi kengele yetu inavyopigwa, kwa faida ya watakaokuja. Ibada: mapigo ya haraka, mfululizo, mpaka mkono uombe msamaha. Msiba: pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine. Hayo mtaa mzima unayajua, na Chakavu anayajua kuliko wote kwa kuwa aliyasikilizia chini yake kwa miaka. Lakini iko namna ya tatu. Akifariki mtumishi wa kanisa lenyewe, yaani mchungaji, mzee wa kanisa, shemasi au mpiga kengele, ulimi wa kengele huvikwa kitambaa upande mmoja. Basi pigo moja linatoka safi, la pili linatoka butu, kana kwamba la kwanza limejibiwa kutoka mbali sana. Haijapigwa tangu alipofariki mzee aliyeniachia kamba. Nilimpigia mimi mwenyewe. Wazee wote wanaikumbuka. Mchungaji, ambaye ni mgeni wa majuzi, hajawahi kuisikia.

Hiyo ndiyo niliyomfundisha Chakavu.

Nilimwambia ni kengele ya heshima. Eti mpiga kengele mpya, Jumapili yake ya kwanza, haanzi na mapigo ya kawaida. Anaanza na hiyo, ili watu wajue kamba imepata mkono mwingine. Nilimwonyesha kwa kijiko kwenye kikengele cha saa ya mezani: safi, butu, safi, butu. Akashika mara moja. Inakera. Mimi nilijifunza kwa wiki nzima. Kisha tukapanda mnarani, yeye akinisukuma mgongoni kwa adabu, nikamwonyesha jinsi ya kufunga kitambaa.

Alipokuwa akikifunga macho yake yalilowa. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu kizuri namna hii. Nikamwambia asijali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yote yako sawa. Nimemwambia Mchungaji goti limenizidi, kesho sitapanda, Chakavu apige peke yake. Mchungaji akanikumbatia mbele ya watu waliokuwa wakifagia kanisa. Akasema angependa waumini wote wangekuwa na moyo wangu. Nikainamisha kichwa. Nadhani niliinamisha vizuri.

Mpango ni huu. Kengele italia ajabuajabu. Watu watatazamana, watacheka, wataguna. Mmoja atasema, jamani, kimbieni mkamwite Fundi! Nao watanikuta nimekwisha kuvaa suti. Nitakwenda, nikichechemea kiasi. Nitapanda. Nitampokonya kamba kwa upole, nitasema, mwanangu, bado. Kisha nitapiga mapigo ya ibada jinsi yanavyopaswa kupigwa, na wote chini watanyamaza.

Mke wangu amepiga suti pasi. Ameuliza mgonjwa wa goti anavaa suti aende wapi. Nikasema Jumapili ni Jumapili hata kitandani.

Jumapili, 10 Agosti, asubuhi

Mke wangu ametangulia kanisani kupanga maua. Nimevaa suti, tai, viatu nimevipiga rangi mpaka naona paji langu ndani yake. Nimelala chali ili suruali isijikunje magotini. Mikono nimeiweka kifuani kwa sababu ya mikono ya koti.

Hiyo hapo! Imeanza. Safi. Butu. Safi. Butu. Anaipiga vizuri, mwizi huyu.

Nasubiri kuitwa.

Jumapili, 10 Agosti, jioni

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilisinzia. Sikukusudia. Suti ina joto, na ile kengele, tukubali tu, inabembeleza.

Kuna jambo nililolisahau. Si kosa, mtu hawezi kukumbuka kila kitu. Kengele ile haimchekeshi mtu. Waliokuwa njiani kuja kanisani walisimama pale pale barabarani, wanaume wakavua kofia. Wakaulizana ni mtumishi gani amefariki. Mchungaji huyu hapa, mzima, anauliza kuna nini. Wazee wa kanisa wapo. Mashemasi wapo. Nani hayupo? Fundi Saa hayupo. Na jana si alisema goti limemzidi? Basi jirani yetu muuza vitambaa, ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu zinazojulikana, akatoa uchunguzi wake wa kitabibu: goti limepanda moyoni!

Akakimbia kwangu, na watu nyuma yake.

Nikaamshwa na yowe. Kipaza alikuwa mlangoni mwa chumba, mikono kichwani, ananitazama: suti, tai, viatu vinang'aa, mikono kifuani. Akapiga kelele, Jamani, shemeji kajivalisha mwenyewe! Hakutaka kutusumbua!

Nikafumbua macho nikamuuliza kama nahitajika mnarani.

Alianguka. Alianguka taratibu, akiteleza ukutani, akakaa sakafuni na mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutoa neno. Lakini kabla ya kuanguka alipiga yowe la pili, na wale wa nje wakalichukua kuwa ni uthibitisho. Kilio kikaanza uani.

Ningeweza kutoka wakati ule ule. Nakiri nilikawia kidogo. Ni watu wachache wanaopata nafasi kama hii. Nilisogea dirishani, nyuma ya pazia. Mmoja alisema nilikuwa mkali lakini mwaminifu. Mwingine akasema niliitengeneza saa ya baba yake na nikakataa malipo. (Nilisahau kumdai. Lakini imekwisha kusemwa.) Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kukatikakatika kwamba nizikwe karibu na mnara. Karibu na mnara! Nilitaka kutoka nimshukuru.

Kisha akaja Chakavu. Alikuja mbio kutoka mnarani, kitambaa kingali mkononi. Hakuuliza kitu. Alikaa chini mlangoni pangu, mtu mkubwa vile, akalia kwa sauti. Akawaambia watu, ninyi mlikuwa mkinipita pale kwenye nyasi, na sikulaumu mtu, hata mimi ningejipita. Lakini mzee huyu aliniamsha kila Jumapili. Nilimtukana, hakuacha. Nilimrushia viatu, hakuacha. Nikasema moyoni, huko juu kuna mtu hajakata tamaa na mimi. Pasaka nikaamka kweli. Na sasa sijamwambia asante hata mara moja.

Nilishika pazia. Kulikuwa na vumbi kwenye pazia, lazima mke wangu alikung'ute.

Na hapo mke wangu akafika. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa anakimbia. Kiatu mguu mmoja, maua ya madhabahuni mkononi, hakuna aliyethubutu kumzuia. Mama huyu hajakimbia tangu asubuhi ile tulipoondoka kwetu na begi moja na mtoto mgongoni. Akaingia, akamruka Kipaza, akanikuta nimesimama nyuma ya pazia nimeshika tai. Akanitazama. Kisha akanipiga kwa maua. Yote, mpaka yakabaki mashina. Kisha akakaa kitandani, nami nikakaa karibu naye nikiokota majani ya maua kwenye koti langu.

Ibada ilichelewa kuanza, jambo ambalo chini ya mkono wangu halijawahi kutokea. Nilipelekwa kanisani kwa mkokoteni wa vyuma wa Chakavu, kwa sababu ya goti, huku watu wakiimba kwa furaha na kunigusagusa kuhakikisha. Hata Mchungaji hajawahi kupelekwa kanisani hivyo.

Mchungaji alisimama mbele akamuuliza Chakavu, bila ukali, ni nani aliyemwambia apige kengele ile.  Chakavu akanitazama. Nikatazama kiatu changu. Akasema, Mchungaji, mzee alinifundisha mengi kwa siku moja, kichwa changu hiki kilizoea bei za mabati, nikachanganya. Nisameheni. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakamsamehe. Nami nikacheka.

Mke wangu hakucheka.

Somo lilikuwa la yule mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa wa jioni sawasawa na wa alfajiri. Mchungaji akasema Mungu hatoi kwa kupima jasho. Anatoa kwa kuwa ndivyo alivyo, na anayenung'unika huwa hajaibiwa chochote, ameona tu mwenzake akipewa. Mahubiri mazuri sana. Naamini waimbaji wa kwaya waliyasikia, wana wivu wale.

Jumatatu, 11 Agosti

 Chai imeletwa bila sukari, sukari ikaletwa baadaye bila kijiko.

Mchana mke wangu akaanza kuzungumza, akikunja nguo, bila kunitazama. Akaniuliza kama nakumbuka siku tuliyofika mji huu. Nikasema nakumbuka. Akauliza nani alitufungulia chumba kilicho nyuma ya kanisa, jioni ile, kabla ya kutuuliza tumetoka wapi. Nikasema mzee mpiga kengele. Akauliza tulikuwa waumini wa kanisa lile kwa muda gani. Nikasema tangu saa ile. Akauliza, na kabla mwaka haujaisha, mzee yule alimpa nani kamba, wakati mpwa wake mwenyewe, mzaliwa wa hapa, alikuwa akiitaka?

Nikasema alinipa mimi.

Akasema, alaa.

Nikamweleza kwamba hali zile hazifanani. Mzee yule aliona kipaji. Akasema mzee yule aliona mtu asiye na kwao anayeamka kila alfajiri na kukaa kwenye ngazi hajui aende wapi, akamtafutia kitu cha kushika.

Sikujua kwamba alijua kuhusu ngazi zile.

Nimekwenda dukani nikasafisha saa ambazo ni safi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kumsamehe Chakavu.

Nilifikiri sana na nikaona kwamba mmoja wetu lazima awe mkubwa. Nilimkuta uwanjani kwake akitenganisha mabomba na mabati. Nikamwambia ile fujo ya Jumapili imekwisha moyoni mwangu, kuchanganya ni jambo la kawaida kwa mwanafunzi. Akanitengenezea kivuli kwa bati, akanikalisha kwenye kiti cha gari lisilokuwepo. Akafuta mikono. Akasema, mzee wangu, nilishajua.

Nikauliza umejua nini.

Akasema aliijua maana ya kengele ile kabla hata hajasimama mbele ya kanisa. Kuna mzee alimweleza njiani, alipokuwa akisukuma mkokoteni. Yaani alipokuwa akinisukuma mimi! Alijua, na akaendelea kusukuma.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akacheka ile sauti yake ya kutikisa mabati. Akasema, mimi nilikurushia viatu miaka yote ile, wewe umenirushia kimoja tu, tena hakikunipata. Kisha akaacha kucheka. Akasema siku alipobatizwa hakuulizwa orodha ya alivyovunja. Alipewa tu. Sasa aanze kuwadai watu kabla hata hajazoea kupewa?

 Nilitaka kupata jibu lakini kiti cha gari kilikuwa kirefu kwa nyuma na nilikuwa nimezama.

 Baadaye akaniomba nimfundishe mapigo ya ibada, yale ya kweli, maana kuyasikia si kuyapiga. Nikamfundisha kwa nondo kwenye bomba. Anavuta kwa mabega. Nikamwambia avute kwa kiuno, aiache kengele irudi yenyewe, asiidai. Nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu: pigo la mwisho usilipige, liache lije. Akafanya hivyo. Likaja.

Kwa muda fulani, pale kwenye vyuma, sikumwonea wivu wowote. Nilishangaa jinsi kifua kilivyo kipana kisipokuwa na kazi hiyo.

Nikaondoka kabla sijazoea.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mchungaji kusema ukweli. Nilijiandaa. Nilivaa suti ile ile kwa ajili ya uzito. Nilimweleza yote: kijiko, kitambaa, kitanda. Niliifikisha hadithi mahali pa kusikitisha kabisa, nikasita ili ashangae.

Hakushangaa. Alijua tangu Jumapili. Wazee wa kanisa wanajua. Mwenyekiti anajua. Kipaza anajua, maana yake sokoni wanajua. Wote wanajua! Na wiki nzima wamekuwa wakinisalimia, wakinipisha, wakiniuliza goti! Nilikasirika. Mtu anakwenda kutubu anakuta amekwisha kusamehewa, hata hotuba yake haijamalizika.

Nikamwambia niko tayari kuiacha kamba. Nilisema kwa sauti ya chini, na sauti ile haikuwa ya kuigiza. Nilitazama zulia. Nilikuwa nikifikiri Jumapili itakuwa na sura gani kwa mtu ambaye hana mahali pa kuwa kabla ya ibada.

Akasema hakuna aliyewahi kunitaka niiache. Walitaka nipate mtu wa kupanda naye. Chakavu atavuta, mimi nitashika saa, na siku goti likiwa jema nitavuta mimi na Chakavu atashika saa. Akasema nafasi yangu pale si mshahara, kwa hiyo haiwezi kupunguzwa.

Nikashukuru. Nilirudi kwa njia ndefu. Mke wangu aliniona uso, akaleta chai yenye sukari na kijiko.

Jumapili, 17 Agosti

Goti bovu. Nilisimama chini, barabarani, saa mkononi. Nilipoinua kitambaa cha mkono kumpa ishara, Chakavu alianza kupiga.

Sijawahi kuisikia kengele yangu.

Miaka yote ile nilikuwa chini ya tumbo lake, nimeziba masikio kwa pamba, nikisikia kishindo tu. Sikujua kwamba huku nje inaimba. Inatoka mnarani, inagonga ukuta wa ghala, inarudi laini zaidi, inapita juu ya mabati. Madirisha yalikuwa yakifunguliwa. Watu wanatoka na viatu mikononi, wanacheka, wanaitana. Kila Jumapili wamekuwa wakipewa hii, bure, na mimi peke yangu ndiye sikuisikia.

Mke wangu alisimama karibu nami. Akasema ndivyo alivyokuwa akinisikia mimi.

Nikamwambia Chakavu anachelewa kidogo kwenye kurudisha. Lakini nilisema polepole.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka mwepesi. Nimetafuta wivu kifuani, sijauona. Nimetafuta tena baada ya chai. Hakuna.

Nimeushinda! Na si wivu wa kitoto. Wivu wangu ulikuwa mkubwa, wa siku nyingi, wenye mipango na vifaa. Sijui kama kanisa letu limewahi kuona mtu aliyeushinda kwa kiwango hiki. Nafikiri jambo hili lisibaki kwangu tu, ingekuwa uchoyo. Jumapili ijayo kuna nafasi ya ushuhuda baada ya wimbo wa pili. Nimekwisha kuandaa maneno: jinsi nilivyokuwa, jinsi nilivyojishusha, jinsi nilivyo sasa. Nimejaribu mbele ya kioo. Pale kwenye kujishusha nimelia kweli.

Mke wangu amesikiliza mpaka mwisho. Ameuliza Mungu anaingia wapi. Nimemwambia nitamtaja kwenye shukrani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimedhulumiwa!

Nimekwenda kwa Mchungaji mapema kumpa habari njema. Amefurahi, amenishika bega. Bega! Akasema kwa bahati mbaya ushuhuda wa Jumapili umekwisha kuombwa, na unahusu jambo hilo hilo. Kushinda wivu. Nikauliza wa nani.

Wa Chakavu!

Eti alikuwa akinionea wivu mimi. Eti kule kwenye nyasi alikuwa akitazama juu na kutamani kuwa mtu anayengojewa na mji mzima, na ndiyo maana ya viatu. Eti wivu huo umemtoka Jumatano ile, wakati tukigonga bomba. Mchungaji akasema, Baba Fundi, semeni wote wawili basi, kila mmoja kwa dakika zilezile.

Zilezile!

Nimeshindwa kula. Chakavu ana wivu wa juzi, wivu wa kulala chini, haujafanya kazi yoyote, haujafunga hata kitambaa. Mimi nimeubeba wivu tangu alfajiri, juani, mchana kutwa, kwa goti hili. Na yeye aliyeingia saa kumi na moja, jua linazama, asimame pale mbele apewe kipaza sauti sawa na mimi?